Nyota ya Kaskazini Haionekani Cheyo

Ukialikwa kwenye "usiku wa nyota na chakula cha asili" hapa Cheyo, nenda, ila nenda na maswali. Mimi nilienda Mei, na niseme ukweli: ugali, kuku wa kienyeji na mlenda wa karanga vilikuwa safi. Shida ilikuwa huko juu.

Kwanza, taa. Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, sisi tukatolewa kwenye mwanga mkali wa mezani moja kwa moja hadi kwenye darubini. Pili, mwongozaji alituonyesha Dubu Mkubwa, akasema tufuate nyota zake mbili tuione Nyota ya Kaskazini. Tukakodoa macho weee, hola! Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo siku zote.

Sasa hapo ndipo palikuwa na somo. Kimo cha nyota hiyo hukuambia uko nyuzi ngapi kaskazini. Ikipotea chini ya upeo, umevuka ikweta. Speke, aliyefika Tabora mwaka 1857 kwa njia ya misafara, alitambua mahali alipo kwa kupima vimo vya nyota. Msalaba wa Kusini ulikuwa waziwazi nyuma ya migongo yetu, hakuna aliyegeuka. Wala hakuna aliyetaja Kilimia, kundi la nyota ambalo Mei hufichwa na jua, kisha Novemba huchomoza jioni, mvua zikianza na majembe yakishuka shambani.

Waandaaji, msituazimie anga la Ulaya. La kwetu lipo, tena bure.