Sufuria Ilizaa, Kalamu Ikafa: Abunuwasi Mezani kwa Mkutubi

Mimi si mwalimu, ingawa watoto huniita hivyo. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanibakiza nyumbani, na baada ya kuzunguka vijiweni na washkaji kwa muda nikapata kibarua cha kutunza maktaba ya shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam. Nasema maktaba, lakini ndugu msomaji usije ukaanza kufikiria lile jumba la Maktaba Kuu ya Taifa lililofunguliwa mwaka 1967. Hii yetu ni chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Kuna makabati mawili, mikeka mitatu, meza moja yenye mguu uliofungwa waya, na daftari la kuazima. Kwenye meza hiyo ndipo nilipojifunza uhakiki, baada ya kuukosa darasani.

Leo nataka kuhakiki kitabu ambacho kila mmoja wetu anadhani anakifahamu: Hekaya za Abunuwasi. Si kitabu kipya, kimesomwa na babu zetu. Nakihakiki kwa sababu muhula uliopita kilinusurika kufukuzwa shule, na mimi ndiye niliyetakiwa kukitetea.

Mambo yalianza hivi. Kijana mmoja wa darasa la nne aliazima kalamu kwa jirani yake wa dawati. Siku ya pili alipodaiwa akajibu kwa uso mkavu, "Kalamu yako imekufa." Ukawa ugomvi, ugomvi ukawa ngumi, ngumi zikafika kwa mwalimu wa nidhamu. Alipoulizwa ni nani kamfundisha ujeuri ule, kijana hakusita: Abunuwasi, yule wa maktaba. Mchana uleule mwalimu akaja chumbani kwangu, kitabu mkononi. Hata shikamoo yangu aliipokea juujuu.

"Kijana wangu," akaniambia, "sisi hapa tunalea watoto, wewe unawaazimisha tapeli. Niandikie ukurasa mmoja, kwa nini kitabu hiki kibaki. Ukishindwa, kitoe."

Jioni ile nikakaa na karatasi. Nikaanza kama tulivyofundishwa sekondari: fani na maudhui. Dhamira kuu ni nini, ujumbe ni upi, falsafa ya mwandishi ni ipi. Nikaandika kwamba hadithi hizi zinafundisha busara. Nikafuta, maana mwalimu angecheka. Nikaandika kwamba zinakemea uchoyo. Nikafuta tena. Zinakemea, sikatai, lakini mtoto anayekimbia mapumziko ili aje kukiwahi kitabu hiki hakimbilii kukemewa. Kitabu chetu kimebandikwa selotepu mgongoni mara tatu, na jalada la mwanzo sijui liliko. Kwa nini? Swali hilo halimo katika fani na maudhui.

Tuikumbuke hadithi yenyewe. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani, na kusema kwamba sufuria imezaa. Jirani anafurahi, anapokea vyote viwili. Abunuwasi anaazima tena, na safari hii harudishi. Akidaiwa anasema sufuria imekufa. Jirani anakuja juu: tangu lini sufuria ikafa? Lakini keshakubali kwamba sufuria huzaa, na chenye kuzaa hufa. Basi, kesi imekwisha.

Kisa hiki si chetu peke yetu. Waturuki wanakisimulia hichohicho, ila kwao mjanja ni Nasreddin Hoja. Naye Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi mkubwa wa lugha ya Kiarabu aliyeishi Baghdad zama za Harun al-Rashid, khalifa aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809. Visa hivi watu walimvalisha tu, kama sisi tunavyomvalisha Sungura kila ujanja wa porini. Jina limetoka mbali, kisa kimepita bandari nyingi, mwisho kimekuja kukaa kwenye mkeka wa darasa la nne. Kisa hakiwezi kusafiri hivyo kwa nguvu ya ujumbe peke yake. Kukemea uchoyo kila kijiji kina methali zake.

Kabla ya kumjibu mwalimu nikaona niwaulize wenye kitabu. Ijumaa, kipindi cha maktaba, nilikuwa na darasa la nne na la tano pamoja. Nikawasomea kisa cha sufuria mpaka mwisho, kisha nikauliza: jamani, mwenzenu wa kalamu alikosea wapi? Wakapiga kelele: kaiba! Kadanganya! Kakosa adabu! Hayo ni majibu ya kumridhisha mtu mzima, na watoto wanajua kuyatoa haraka ili waendelee na mambo yao. Nikanyamaza. Ndipo msichana mmoja wa darasa la tano, ambaye kwa kawaida huazima kitabu na kuondoka bila neno, akasema:

"Lakini yeye hakurudisha kakalamu."

Nikamwomba afafanue.

"Abunuwasi kwanza alitoa kisufuria. Yule jirani akakubali sufuria inazaa, kwa sababu kapata faida. Huyu hajampa mwenzake kitu. Kwa hiyo huyu si Abunuwasi. Huyu ni mwizi wa kalamu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mtuhumiwa naye alicheka, japo kwa aibu. Jumatatu kalamu ilifufuka.

Ndugu zangu, nimekaa madarasani nikinakili dhamira ubaoni, sijapata kusikia uhakiki kama ule. Mtoto yule aliona jambo ambalo mimi, mwenye ndoto ya kuwa mwandishi wa riwaya, sikuliona jioni nzima. Uzito wa kisa hauko pale sufuria inapokufa, ambapo sisi tunacheka. Uko pale inapozaa, na jirani akanyamaza. Uongo wa kwanza ulimfaa, akaumeza. Uongo wa pili ulimuumiza, ndipo akakumbuka kwamba ana akili. Hayo yote hekaya haikuyasema. Imeweka vitu viwili, kisufuria na kimya cha jirani, ikamwachia msomaji aviunge mwenyewe.

Ukishaiona njia hiyo utaikuta na kwingine kitabuni. Tajiri anamdai maskini kwa kuwa maskini amefaidi harufu ya chakula chake. Abunuwasi hasemi kwamba dai hilo ni la kipuuzi. Analikubali, halafu anamlipa tajiri kwa mlio wa fedha. Anayekula harufu na alipe mlio! Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri ya mhusika huyu. Havunji kanuni ya mkubwa. Anaitii mpaka mwisho wake, na huko mwisho kanuni inajiaibisha yenyewe. Mtoto ambaye kutwa nzima anaishi chini ya kanuni za watu wazima anaelewa utamu wa jambo hilo bila kuandikiwa ubaoni.

Mtu ataniambia, kumbe wewe unapinga mafunzo katika hadithi. Hapana. Katika kabati hilohilo tunacho Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Hakuna kitabu kinachofundisha waziwazi kuliko kile. Hata majina yametangaza kila kitu: ndugu mwema ni Adili, ndugu waovu ni Hasidi na Mwivu. Kiswahili chake ni kizito kwa watoto, kwa hiyo huwa nawasomea darasa la sita kidogokidogo huku nikieleza. Nilitegemea wasinzie. Hawakusinzia, kwa sababu Shaaban anatuonyesha mtu mpole na wa haki ambaye kila usiku anawachapa viboko manyani wawili. Kwa nini mtu mwema afanye hivyo? Ukishatupiwa swali hilo huna pa kwenda, lazima ubaki uvumilie mafunzo yote mpaka upate jibu.

Nilipopelekwa semina ya siku tano ya kutunza vitabu tulifundishwa namba za Melvil Dewey, Mmarekani aliyetoa mfumo wake mwaka 1876. Katika mfumo huo ngano hukaa 398.2, jirani na mila na desturi. Fasihi ya Kiswahili hukaa mbali kabisa, 896.392. Kwa hiyo Abunuwasi ni desturi, Adili ni fasihi. Mimi nimewaweka pamoja, rafu ya chini ambako mikono mifupi inafika. Kisa cha Adili kinatokana na hadithi za Alfu Lela, ambamo Harun al-Rashid na Baghdad yake hawakosekani. Hawa wawili wamenyonya ziwa moja, na wote wanajua sheria moja: swali kwanza, funzo baadaye.

Sasa tutazame rafu ya juu, ambako vitabu vinang'aa kwa sababu havishikwi. Sitavitaja kwa majina. Mradi wa Vitabu vya Watoto, tangu ulipoanzishwa mwaka 1991, umesaidia vitabu vingi vya Kiswahili kuchapishwa na kufika shuleni, na vimo vizuri ninavyovigombania mwenyewe. Nazungumzia vile ambavyo mtoto anaonywa ukurasa wa kwanza, anakaidi ukurasa wa pili, anaumia, anatubu, na mwisho bibi anatoa nasaha. Funzo limefika kabla ya swali. Msomaji hana kazi ya kufanya isipokuwa kusubiri mwenzake aadhibiwe.

Naweza kusema hivi kwa uhakika kwa sababu na mimi nimeandika kimoja. Kinaitwa Pili Asiyesikia. Nilikiandika usiku kwa taa ya chemli kwa miezi mingi, nikiamini ndicho kitakachonitoa. Siku moja nikapata ujasiri, nikawasomea darasa la tatu bila kuwaambia ni cha nani. Nilikuwa ukurasa wa pili mkono mmoja ukanyooshwa.

"Mwalimu, ataungua?"

"Nani?"

"Pili. Si kaambiwa asichezee moto?"

Nikafunga daftari, nikawaambia kipindi kimekwisha. Pili alikuwa amepangiwa kuungua ukurasa wa saba. Iliniuma, siwafichi. Wiki nzima sikugusa kalamu. Lakini sijaona mhariri ambaye angenieleza kasoro yangu kwa maneno machache kuliko yale.

Je, Abunuwasi hana kasoro? Anazo. Ni mhusika bapa, kama walimu wetu walivyokuwa wakisema, tangu mwanzo mpaka mwisho hajifunzi kitu. Anamuumbua mkubwa leo, kesho mkubwa yuko palepale kwenye kiti chake na kanuni mpya. Tena hekaya hukimbia mara tu kicheko kinapotoka. Jirani amerudi nyumbani bila sufuria: watoto wake walikula nini usiku ule? Mkewe alisema nini? Kesho yake walisalimiana vipi na Abunuwasi mlangoni? Na yule kijana wetu ni ushahidi kwamba hadithi inayomwachia msomaji nafasi inamwachia pia nafasi ya kuisoma vibaya. Mwalimu wa nidhamu hakuota tu, hatari ipo. Ila dawa yake nimeiona kwa macho yangu Ijumaa ile: kisa kisomwe tena, mbele ya wenzake, na kibishaniwe. Kukifungia kabatini kungemwachia mwizi wa kalamu ushindi, aendelee kudhani kwamba kweli yeye ni Abunuwasi.

Waandishi chipukizi wenzangu, hili linatuhusu. Wengi wetu tukianza tunawaandikia wachapishaji, walimu na wazazi, yaani wale wanaonunua vitabu. Kwa hiyo tunatanguliza nasaha ili tuonekane watu wazima wenye maadili. Msomaji mwenyewe, aliyekaa kwenye mkeka miguu ina vumbi, tunamsahau. Yeye hanunui, lakini ndiye anayeamua kitabu kipi kibandikwe selotepu. Ukitaka kumjua, omba nafasi shule iliyo karibu nawe ukasome kazi yako kwa sauti. Usiseme ni yako. Halafu tazama ni ukurasa gani wanaanza kuangalia dirishani.

Mimi nimerudi kwa Pili. Safari hii moto umeshawaka na kuzimwa kabla hadithi haijaanza, na hakuna ajuaye ni nani aliyeuwasha. Pili ana kovu mkononi na anakataa kusema. Sijui mwisho wake. Nimekwisha kuwasomea kurasa tatu, na juzi mmoja wao alinifuata mpaka getini kuniuliza kama aliyewasha ni baba.

Kwa mwalimu wa nidhamu nilipeleka mistari michache tu: kitabu hiki hakifundishi kuiba, kinampima anayekisoma, naomba kibaki na mimi nikisome pamoja nao. Nikaeleza na habari ya kakalamu. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Haya, kibaki. Lakini wakisome ukiwepo." Kisha akakichukua kwanza yeye, akaandika jina lake kwenye daftari la kuazima kama mwanafunzi.

Mpaka ninapoandika haya hajakirudisha. Watoto wananisumbua kila siku, nami naogopa kwenda kumdai. Anaweza kuniambia kimekufa.