"Zima" si "Funga": Istilahi za Kinga ya Moto katika Magari ya Kambi

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hupita magari ya watalii yaliyowekewa vitanda, betri na majiko ya gesi, yakielekea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Madereva na wapishi wake, ambao baadhi yao ni wenyeji wa Mugumu na Tarime, hukabidhiwa maelekezo ya kujikinga na moto yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza. Mwandishi wa makala haya alipata kuisoma karatasi moja ya namna hiyo. Sarufi yake haina kasoro. Lakini istilahi zake zaweza kuteketeza gari.

Kasoro ya kwanza ni agizo hili: "Zima gesi kabla ya kulala." Katika Kiswahili kinachozimwa ni moto, taa au injini. Mtu aliyezoea kupuliza koroboi, akiambiwa azime, aweza kuuzima mwali na kuuacha mtungi wazi. Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, na cheche moja ya betri yatosha kuilipua. Agizo sahihi ni "Funga mtungi."

Kwa sababu hiyo hiyo, agizo la pili, "Gesi ikivuja fungua madirisha," ni pungufu, kwani madirisha yako juu nayo gesi iko chini. Mfasiri angalijua tabia ya gesi, angaliandika: "Funga mtungi, fungua milango, toka nje, usiguse swichi yoyote."

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa. Dawa iliyomo katika kizimamoto imeitwa "unga mkavu," na msomaji ameagizwa aurushie moto "unga." Ndani ya gari lile lile umo unga wa ugali, na unga wa nafaka ukitimka hewani karibu na mwali huwaka ghafula. Pengine itasemwa kwamba muktadha utamwongoza msomaji. Hoja hiyo yafaa darasani. Mtu mwenye moto mbele yake hana nafasi ya kutafakari muktadha. Twapendekeza "poda ya kuzimia moto," na agizo litaje chombo badala ya kilichomo: "Tumia kizimamoto."

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, wanaistilahi tumezoea kulipima neno kwa ufupi na usahihi wake. Istilahi za usalama zahitaji kipimo kimoja zaidi: akilisikia neno hili, mkono wa mtu utafanya nini? Kabla ya kuchapisha, mfasiri na amsomee mpishi maelekezo yake, kisha amtazame akiyatekeleza jiko likiwa baridi. Wasomaji wenye mapendekezo bora kuliko haya wanaombwa watuletee.