Boda si Pikipiki Tu

Hadithi zetu sisi vijana wa Karagwe na Kyerwa zina ugonjwa mmoja. Mhusika akitaka kwenda sokoni anapanda boda. Akifukuzwa na polisi anapanda boda. Akiachwa na mchumba, boda tena, safari hii mvua inanyesha. Halafu mwandishi yule yule akifika Murongo, mahali ambapo kila mtu husema "nipo boda", anaona haya. Anaandika "mpakani mwa nchi yetu" kama vile anasoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Neno tumelibakizia magurudumu mawili tu, mengine yote tumelinyang'anya.

Hebu tulifuate lilikotoka. Miaka ya 1960 huko Busia, kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha njia cha kumchosha mtu mwenye mzigo. Vijana wenye baiskeli wakaona hapa kuna riziki. Wakawa wanaita abiria: boda, boda! Yaani kutoka boda hii hadi boda ile. Injini ilikuja baadaye sana, jina likiwa limeshakomaa. Kwa hiyo jamaa anayekutoa Kayanga hadi Omurushaka, hata harufu ya mpaka hamuisikii, ameubeba mpaka mara mbili kwenye jina la kazi yake.

Na Mwingereza naye alilipata wapi hilo "border" lake? Aliazima, bwana. Lilimfikia kutoka kwa Wafaransa wa kale, kwenye karne ya 14 hivi, likiwa na maana ya ukingo au pindo. Wafaransa nao walikuwa wamelichukua kwa makabila ya Kijerumani, ambako "bord" lilikuwa ukingo, ubavu wa chombo cha baharini. Inaelekea kwenye ukoo huo huo kuna "board", ubao. Ubao ukawekewa chakula ukawa meza, meza ikawa chakula chenyewe, chakula kikawa pamoja na malazi, na ndipo tukapata shule za bodingi. Wakubwa nao wakakaa kuizunguka meza wakaitwa bodi. Ndiyo maana mkulima wa kahawa wa Nkwenda anaamuliwa mambo na Bodi ya Kahawa iliyoko Moshi, na mwanawe analala bodingi, na kahawa yenyewe inavuka boda. Maneno matatu, huenda ni ukoo mmoja! Mwingereza wa London akitamka mtu wa mpakani na mwanafunzi wa bweni, kwa sikio lako wote ni boda. (Bodi la lori usiliingize humu, hilo ni la "body", kiwiliwili. Halina undugu nao.)

Nimeyasema haya kwa sababu wapo walimu wanaofyeka neno boda kwa kalamu nyekundu na kusema ni Kiingereza kilichooza. Kiingereza chenyewe ni mkopo juu ya mkopo. Lakini pia sikubaliani na washkaji wanaosema andika tu kama watu wanavyoongea, basi, imekwisha. Watu wanaongea kwa hesabu kali kuliko tunavyodhani. Sikiliza kijiweni: "boda imeharibika", hiyo ni pikipiki. "Boda amegoma kupunguza bei", huyo ni mtu, ameshaingia kwenye ngeli ya watu bila kuomba ruhusa. "Maboda wote wameenda msibani." "Boda imefungwa", hapo hakuna pikipiki kabisa, ni geti na maofisa. Upatanisho wa kisarufi unakwambia kama boda ni mtu au ni kitu, na kitenzi chenyewe kinamalizia ni kitu gani. Mwandishi anayeandika "dereva wa pikipiki aina ya bodaboda" ameitupa kazi ambayo herufi ya mwanzo wa kitenzi ilikuwa inaifanya bure.

Na tusidhani neno hili limekuja kujaza pengo. Kanga ina pindo, mto una ukingo, nchi ina mpaka. Mwingereza angeweza kuziita pindo na mpaka kwa neno lake lile lile moja. Sisi tulikuwa nayo yote, na bado tukaitwaa boda. Kwa nini?

Nadhani ni kwa sababu mpaka na boda si kitu kimoja. Mpaka ni mstari. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuufuatisha na nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na huku kwetu ni Mto Kagera unaotenga Murongo na Kikagati. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda. Hadithi ya vita ile iandike kwa neno mpaka, kwa sababu mpaka ndio uliogombaniwa. Boda ni mahali. Boda ina mama ntilie, ina wabadilisha fedha, ina kijana aliyekaa kwenye pikipiki anapima macho ya ofisa. Mkulima aliyeuza kahawa kwa butura ingali mtini, akasikia bei ya Uganda imepanda, hatasema "mpaka uko karibu". Atasema "boda ni hapo tu". Ndani ya hayo maneno mna tamaa, mna hofu, mna watoto wanaodaiwa ada. Sentensi hiyo ikikutoka vizuri huhitaji kurasa mbili za kueleza magendo.

Kinyume chake pia kipo. Kati ya shamba lako na la jirani hupandwa omuramura, na jina hilo linakaribiana na kuramura, yaani kuamua kesi. Mmea wenyewe ni hakimu! Pale ni mpaka. Mhusika wako akisema "boda ya shamba", wazee wa Kaisho watacheka na hawatarudi kukusoma.

Tahajia? Mimi naandika bodaboda kwa pamoja nikitaja kazi, na boda kwa vingine vyote, na sizifungii alama za kunukuu.