Gereza Tutaliona Mwisho

Wiki mbili kabla ya safari, mzee alinipigia simu kuniomba nisogeze tarehe. Nilikuwa nimemwambia kwamba nakuja Kilwa Kisiwani peke yangu, bila kundi, na kwamba ninataka anitembeze kutwa nzima. Nilichagua Jumamosi iliyonifaa mimi. Yeye alitaka Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Hiyo uliyochagua ni bamvua, mwanangu," akasema. "Maji yatatoka mpaka mbali, utashuka chomboni uingie kwenye tope, na utafika kwenye mawe umeshachoka. Wiki inayofuata mwezi utakuwa wa ishirini na mbili. Maji mafu. Yatajaa kama saa nne asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali."

Nikasogeza. Nilidhani huo ni uangalifu wa kawaida wa mtu wa pwani. Sikujua kwamba kazi yake ilikuwa imeshaanza siku ile ya simu.

Kilwa Masoko iko mkoani Lindi, kama kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Nilichukua kibali ofisini, na saa moja na nusu asubuhi tulikuwa ndani ya mashua, mimi, mzee na nahodha kijana. Zana za mzee zilikuwa chache: fimbo ya mkoko iliyobanduliwa gome, ndefu kumfikia kifuani, chupa ya maji, na leso ya kufutia jasho. Hakuwa na karatasi wala picha. Tanga liliposhika upepo nikaanza maswali, kwa sababu nilikuwa nimesoma na nilitaka ajue. Nikamuuliza dhahabu ya Kilwa ilichimbwa wapi, maana kisiwani hakuna mgodi.

"Tutaifikia," akasema, akatazama maji.

Jengo la kwanza kuonekana ukiwa baharini ni Gereza, ngome kubwa iliyokaa ufukweni kana kwamba ndiyo mwenye kisiwa. Mashua ilitia nanga karibu yake kabisa. Nilitoa simu nipige picha. Mzee alikuwa ameshapita. Alitembea pembeni mwa ukuta ule bila kugeuza shingo, na mimi nikamfuata nikiangalia nyuma.

"Gereza tutaliona mwisho," akasema. "Ukianzia hapa, utadhani kisiwa kilianza siku walipokuja watu wa meli."

Nimetembezwa mahali pengi, na waongozaji wengi niliowapata walikuwa na maneno mazuri. Huyu alikuwa wa kwanza kunionyesha kwamba mpangilio ndio ufundi wenyewe: nini kitangulie, nini kisubiri, na jicho la mgeni lijue nini kabla halijafikishwa mbele ya kitu kikubwa. Alinipitisha karibu na Msikiti Mkuu, kuba zake zikionekana juu ya majani, akanipeleka kwanza kwenye magofu ya nyumba yasiyokuwa na kuba wala nakshi ya kutisha. Akanisimamisha katikati ya chumba kisicho na paa.

"Fungua mikono."

Nikafungua. Akanisogeza mpaka ncha za vidole vya kushoto zikagusa ukuta, kisha akaweka fimbo pale vidole vya kulia vilipoishia. Nafasi iliyobaki mpaka ukuta wa pili ilikuwa nusu ya pale na kidogo. Chumba kilikuwa na upana wa pima moja na nusu, basi. Akanipeleka chumba cha pili, nikafungua mikono tena. Pima moja na nusu. Cha tatu, vilevile. Vyumba vilikuwa virefu, kimoja kama korongo, lakini upana haukuzidi. Nilipotaka kuuliza sababu alikuwa ameshainua fimbo, ananionyesha mashimo madogo ya mraba yaliyojipanga juu ya ukuta, yote usawa mmoja.

"Boriti," akasema.

Halafu akanieleza paa, pole pole, akiweka kiganja kimoja juu ya kingine kwa kila tabaka. Kwanza magogo ya mkoko yanalazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake vipande bapa vya mawe. Juu ya mawe, kokoto na chokaa, zinapondwa mpaka zishikane. Ni paa zito, na mkoko ni mti mgumu lakini una kikomo. Ukilaza boriti ndefu kupita hapo itapinda. Kwa hiyo aliyeamua upana wa chumba cha tajiri wa Kilwa alikuwa mti uliokatwa mikokoni.

Akanyamaza. Aliegemea fimbo na kuniacha nizunguke, na nilipoviangalia vyumba vile upya sikuona tena magofu. Niliona watu wanaolala, kila mmoja na urefu wa boriti yake.

Hapohapo akanifundisha mawe. Hakuwahi kuligusa jiwe kwa fimbo siku ile nzima; fimbo aliitumia kutupa kivuli chake mahali alipotaka nitazame, na mimi nafuata kivuli. Lakini mkono aliruhusu, mgongo wa kidole tu. Jiwe la ukutani ni gumu, lenye matundu na makali, limekatwa kwenye mwamba wa matumbawe ya kale ulioko nchi kavu. Jiwe la fremu ya mlango ni jingine: jeupe, jepesi, chembe zake ni ndogo na laini. Hilo ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi. Likiwa bichi linachongeka karibu kama mti, na likishapigwa na hewa linakuwa gumu. Fundi alikuwa na muda wake wa kuchonga, akichelewa limempita. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango ule. Bado ulikuwa umenyooka.

Ndipo akasema twende msikitini.

Tuliingia kwa upande wa kaskazini, sehemu kongwe, ya karne ya 11 au ya 12. Paa lake lilikuwa bapa, likibebwa na nguzo za mbao ambazo zimekwisha zamani. Mzee hakusema neno, na sikuhitaji aseme. Nilitazama upana kati ya nguzo na nikajua: boriti tena. Ule ulikuwa msikiti uliojengwa kwa sheria ya nyumba. Alinichukua hatua chache kusini, tukaingia sehemu iliyoongezwa karne ya 14 na kujengwa upya karne ya 15 baada ya paa la kwanza kuporomoka, na hapo nikasimama mwenyewe bila kusimamishwa. Nguzo za pembe nane, safu nyuma ya safu. Matao yanayofuatana mpaka jicho linapotea. Juu, kuba, na kati ya kuba, dari zilizopinda kama mgongo wa mashua iliyofudikizwa.

Hakuna boriti hata moja. Mawe yanaegemeana, mbao zilizoyashikilia wakati wa ujenzi ziliondolewa chokaa ilipokaza. Kama mzee angenileta hapa moja kwa moja kutoka chomboni ningesema "pazuri" na kupiga picha. Sasa nilikuwa nimebeba pima moja na nusu mikononi, na nilielewa mafundi wale walikuwa wamevuka nini.

"Kaa hapo," akanionyesha kwa kivuli cha fimbo. Nikakaa. Tulikaa kimya, na kwa muda mrefu sikuona cha kungojea. Jua lilikuwa likipanda, na mwanga ulioingia kwenye sehemu zilizobomoka ukashuka polepole kwenye nguzo iliyokuwa mbele yangu. Ulipofika katikati, zile pande nane, ambazo kivulini zilionekana kama mviringo, zikatengana moja moja. Upande mmoja mweupe, unaofuata wa kijivu, unaofuata karibu mweusi. Mzee aliijua saa hiyo. Ndiyo sababu tulikawia kwenye vyumba.

Hapo ndipo alipomtaja Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake waliita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Alilitaja jina hilo mara moja tu, tukiwa ndani ya sehemu iliyoongezwa kwanza zama za sultani mwenyewe, halafu akaendelea na kilichomshughulisha zaidi: kiraka cha chokaa mguuni mwa nguzo moja.

Mahame ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na yakatolewa humo mwaka 2014. Katika miaka ya ukarabati mzee alikuwa mmoja wa vibarua. Alibeba mawe, akabeba maji, baadaye akafundishwa kuchanganya. Alichuchumaa na kunieleza chokaa kama mpishi anayeeleza chakula chake. Unapanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, juu yake unamwaga matumbawe, unatia moto na kuuacha ule. Matumbawe yakishaiva unayamwagia maji, yanachemka na kupasuka kuwa unga. Kisha unalaza shimoni, unafunika, unasubiri. Ukiwa na haraka, chokaa inapasuka ukutani. Saruji hawakuitaka, kwa sababu ni ngumu kuliko jiwe la zamani na inafungia unyevu ndani. Baada ya miaka, jiwe ndilo linalokufa na saruji inabaki.

"Gonga hapa," akasema. Nikagonga kiraka kwa kucha. "Na hapa," kwenye chokaa ya zamani. Ya zamani ilitoa sauti kavu, ya juu. Ya kiraka ilikuwa nzito kidogo. "Bado inakomaa," akasema mzee. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezungumzia mtoto wake anayeendelea vizuri shuleni.

Msikiti mdogo wa kuba uko kusini, si mbali. Humo alinionyesha jambo moja tu: mahali palipopachikwa mabakuli yaliyong'arishwa, ndani ya dari, kama macho. Bakuli lililovuka bahari, halikuliwa chakula; lilitiwa kwenye chokaa mbichi, mdomo ukitazama chini kwa wanaosali. Tukala wali na samaki kijijini, tukapumzika chini ya mti mpaka jua lipungue makali.

Alasiri tulitembea kuelekea mashariki, kati ya mibuyu, hadi Husuni Kubwa. Jumba hili la al-Hasan ibn Sulaiman lina vyumba zaidi ya 100 na limekaa juu ya jabali linalotazama mkondo. Kwa mgeni wa haraka ni msitu wa kuta fupi. Mzee alinipitisha kwa mlango, ua, ghala, ua, akiniambia kila mara kama bado tuko upande wa biashara au tumeshaingia upande wa nyumbani, mpaka nikaanza kutangulia kusema mwenyewe. Kwenye birika la kuogea hakuniambia lina pembe ngapi. Alinifanya nilizunguke kwa miguu, nikihesabu. Nane. Nguzo za msikitini zikanirudia, na nikamwona anatabasamu kwa sababu niligeuka kumtazama.

Kisha tukaenda ukingoni mwa jabali. Upepo wa kusi ulikuwa unatoka kulia kwetu.

"Uliuliza dhahabu," akasema. Saa nane zilikuwa zimepita. Akanyoosha fimbo kusini. "Sofala. Ilitoka bara ya huko, ikashuka pwani, ikapanda na upepo huu. Kilwa ilikaa mlangoni, ikatoza." Akachuchumaa, akachora duara mchangani, dogo kama kifungo cha koti. Ndiyo sarafu ya shaba ya Kilwa: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zimefungwa kwa vina. Sarafu yenye jina la mwenye jumba hili imepatikana Great Zimbabwe, bara huko alikokuwa akielekeza fimbo. Sisi tuliokulia kwenye vina tunaweza kupendezwa na dola iliyotia kina hata kwenye fedha ya sokoni.

Jibu lile lingetosha ndani ya mashua, asubuhi. Lakini mashuani lisingekuwa na upepo wala jabali, wala vyumba 100 nyuma yangu vya kulilipia.

Tulifika Gereza jua likiwa chini. Sasa alilieleza, kwa maneno machache. Mwaka 1505 meli za Wareno chini ya Francisco d'Almeida ziliingia, mji ukaporwa, wakajenga ngome. Mwaka 1512 waliondoka. Ngome inayoonekana leo ni kazi ya Waomani, ya karibu mwaka 1800, iliyosimama juu ya mabaki ya ile ya kwanza. Hata neno gereza, wanaisimu husema, ni igreja ya Kireno, yaani kanisa. Akamaliza. Nahodha alipiga mluzi kutoka majini, na mzee akainua kiganja: ngoja.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta wa ndani. Mwanga uliokuja kwa ubavu ulikuwa umetia kivuli kwenye kila tundu, na juu kabisa nikayaona, ya mraba, madogo, usawa mmoja. Nikafungua mikono. Nikasogea mpaka ncha za vidole zikagusa jiwe, nikatia alama kwa kisigino, nikaanza kupima upya kutoka hapo. Mzee aliegemea fimbo yake na kusubiri nimalize.