Gitaa Nje ya Deraya

Gari la deraya aina ya Scimitar hubeba askari watatu, na wakishaingia na redio, risasi na vyakula vyao, hata kukunjua goti ni shida. Ndiyo maana James Blunt, mwimbaji ambaye wakati huo alikuwa ofisa kijana katika jeshi la Uingereza, alilifunga gitaa lake kwa nje vikosi vya NATO vilipoingia Kosovo Juni 1999. Mpiga gitaa yeyote ataguna akisikia hivyo. Vumbi, mvua na mtikisiko wa minyororo vinaua mbao, na nyuzi hazikai sawa hata siku moja.

Kabla ya hapo alikuwa mpakani, upande wa Macedonia, na askari wa upelelezi. Walitakiwa kujua majeshi ya Serbia yako wapi na kuripoti, ili ndege za NATO zijue pa kupiga. Mpelelezi hafundishwi kunogesha habari. Hutaja alichokiona, mahali na idadi, kisha hunyamaza. Kwa maoni yangu, ustadi wa “No Bravery”, wimbo alioutunga akiwa Kosovo, ulitoka huko zaidi ya kwenye darasa lolote la muziki.

Usikilize taratibu. Beti zinataja vitu kimoja kimoja: watoto, makaburi yaliyochimbwa juujuu, nyumba zilizoteketea, harufu, mwanamke anayelia. Hamna bendera, hamna jina la mji, hamna hotuba. Aliyetenda unyama huo hapewi jina wala kabila. Tunajua tu kwamba alipita hapo. Kujizuia namna hiyo ni kazi ngumu kwa kijana wa miaka 25 aliyeyaona hayo kwa macho yake, na ambaye hakuna mtu angemlaumu kama angepiga mayowe. Kwenye kiitikio maneno ni machache na yanarudiwa, huku ile sauti yake nyembamba ikipanda mpaka unahofia itakatika. Tumezoea nyimbo za vita zinazomwagia mashujaa sifa. Huu unautafuta ushujaa machoni mwa watu, unaukosa, unasema umeukosa.

(Wengi hupenda zaidi kile kisa cha uwanja wa ndege wa Pristina, Warusi walipotangulia kufika na Jenerali Mike Jackson, kamanda wa vikosi hivyo vya NATO, akakataa kupambana nao. Kisa kizuri, lakini hakikutunga wimbo.)

Aliacha jeshi mwaka 2002. Aliporudi Kosovo mwaka 2006 kuwatumbuiza askari wa NATO, wimbo wake wa mahaba “You're Beautiful” ulikuwa umeshika namba moja Uingereza na Marekani. Safari hiyo ndiyo iliyozaa filamu ya Steven Cantor, Return to Kosovo. Mtunzi akirudi alikotungia hukutana na wakaguzi wasiodanganyika, yaani watu waliokuwepo. Chumvi yoyote aliyoitia wataionja. “No Bravery” hauna cha kuhofia hapo, kwa sababu haukuongezewa kitu.

Hata mahali ulipowekwa pamefikiriwa. Katika albamu ya Back to Bedlam ya mwaka 2004, ndio wa kumi na wa mwisho, baada ya mapenzi na machozi yake yote. Albamu hiyo iliuzwa Uingereza kuliko nyingine yoyote katika mwongo ule, kwa hiyo mamilioni walinunua wimbo wa mahaba wakapewa na Kosovo juu yake. Sijui wangapi walizima redio kabla ya kufika huko.