Pongezi kwa Bodi ya Famasia ya California

Bodi ya Famasia ya California, iliyoasisiwa mwaka 1891, yastahiki sifa kwa jambo moja ambalo wengi hulipita bila ya kulitazama: mamlaka yake ya kumwadibu mfamasia hayafi pamoja na leseni ya mfamasia huyo. Leseni huhuishwa kila baada ya miaka 2, kwa ada na kwa saa 30 za masomo. Na lau sharia ingalinyamaza, mtu aliyetoa dawa za kulevya pasipo cheti cha tabibu angaliuacha muda wa leseni yake upite, kisha akadai kwamba hapana tena mwenye haki ya kumwuliza. Kifungu cha 4300.1 cha sharia ya California kimeuziba mlango huo, kikisema bayana kwamba leseni ikiisha, ikifutwa, au hata ikirejeshwa kwa hiari, Bodi ingali na haki ya kuchunguza na kushitaki.

Nami naona hapo ndipo ilipo insafu, kwa sababu mgonjwa aliyedhurika haponi kwa kupita tarehe iliyoandikwa katika karatasi. Wala mshitakiwa hadhulumiwi: huletewa tuhuma kwa maandishi, akitaka husikilizwa mbele ya jaji, na kosa halithubutu juu yake ila kwa ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha. Wajumbe wa Bodi, ambao ndio wakatao uamuzi wa mwisho, ni 13, wafamasia 7 na raia wa kawaida 6, mchanganyiko niupendao mno, maana wenye fani moja wakihukumiana peke yao huelekea kuoneana haya. Uamuzi hutangazwa hadharani, hata mwajiri wa mbali akaweza kuusoma.