Kipima Oksijeni cha Kidoleni: Mwanga, Mapigo na Ngozi Nyeusi

Plymouth ni mji wa jimbo la Minnesota, Marekani, ulio karibu na Minneapolis upande wa magharibi. Huko ndiko kampuni ya Nonin, iliyoanzishwa mwaka 1986, ilikounda Onyx, kipima oksijeni kilichotoka mwaka 1995 kikiwa kimekaa chote kwenye ncha ya kidole, bila waya wala mashine ya pembeni. Wengi wetu tulikuja kuvijua vifaa vya namna hii wakati wa Uviko-19.

Kifaa hiki hutegemea mwanga: himoglobini ya damu iliyobeba oksijeni hunyonya mwanga mwekundu kidogo na wa infraredi zaidi. Isiyobeba hufanya kinyume. Basi huwashwa diodi mbili upande mmoja wa kidole, moja ya nanomita 660 hivi na nyingine ya zaidi ya 900, na upande wa pili huwekwa kihisi. Lakini ngozi, nyama, mfupa na damu ya vena navyo hunyonya mwanga. Utaitengaje damu ya ateri peke yake? Miaka ya 1940 Earl Wood wa Kliniki ya Mayo, mjini Rochester katika jimbo hilohilo la Minnesota, alilibana sikio la mgonjwa hadi damu ikatoka, akapima, kisha akaiacha irudi na kupima tena. Njia ilifaa, ila ilihitaji mtambo na mtaalamu wa kuusimamia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, Japani, aling'amua kwamba moyo wenyewe unaifanya kazi hiyo. Kila unapopiga, damu ya ateri huongezeka kidogo kidoleni na mwanga unaopita hupungua. Kwa kila mwanga, sehemu inayopanda na kushuka hugawanywa kwa ile iliyotulia, kisha majibu mawili hulinganishwa. Uwiano ukiwa 1, oksijeni ni karibu asilimia 85. Ukishuka hadi nusu, damu imekaribia kujaa oksijeni. Kwangu mimi hili ndilo wazo zuri kuliko yote katika historia ya kifaa hiki. Mafundi wa Plymouth walilikusanya, pamoja na hesabu zake, skrini na betri, ndani ya kibanio kimoja.

Hata hivyo, hesabu peke yake haitoi asilimia sahihi, kwa kuwa mwanga hutawanyika ndani ya mwili. Watengenezaji huwapa watu wenye afya waliojitolea hewa yenye oksijeni pungufu, hadi kiwango cha oksijeni katika damu kishuke kufikia karibu asilimia 70, huku damu ya ateri ikipimwa maabara. Jedwali linalopatikana ndilo linalowekwa kifaani. Kwa hiyo rangi ya ngozi ya watu hao ni sehemu ya kipimo chenyewe. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 uliridhika na watu 10, wawili tu kati yao wakiwa na ngozi nyeusi.

Dosari ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 2005 watafiti wa San Francisco walijaribu vifaa vitatu, Onyx kikiwemo, wakakuta kwamba oksijeni ikishuka sana, namba husomeka juu zaidi kwa wenye ngozi nyeusi. Desemba 2020, utafiti uliofanywa Michigan uliangalia vipimo vilivyosoma asilimia 92 hadi 96: kwa wagonjwa Weusi, karibu 12 katika kila 100 vilificha damu yenye oksijeni chini ya asilimia 88; kwa Weupe, karibu 4. Rasimu ya mwongozo mpya, yenye kutaka watu wengi zaidi wa rangi mbalimbali, ilitolewa Januari 2025. Miaka 20 ni mingi mno kwa jambo la pumzi ya mtu, na Minneapolis yenyewe ni makazi ya maelfu ya Wasomali na Waafrika wengine.

Ukitumia kifaa hiki, pasha vidole joto, epuka kidole chenye piko au rangi ya kucha, na usubiri namba itulie. Angalia namba inavyoshuka siku hadi siku kuliko kutegemea kipimo kimoja. Na ukihema kwa shida, nenda hospitali hata kama kinasoma 94, ukaombe damu ya ateri ipimwe.